Gengeni hakosei chenji, darasani anasema yeye si mtu wa hesabu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Binti yangu alimaliza darasa la saba akiwa wa tatu kati ya watoto 84, na hesabu ndiyo iliyombeba. Akachaguliwa shule ya bweni ya wasichana. Sasa yuko kidato cha pili, hesabu anapata 18, mara 22 kwa mia. Likizo iliyopita kaniambia, 'Mama, mimi siyo mtu wa hesabu, niacheni niende zangu HGL (mchepuo wa Historia, Jiografia na Lugha).' Cha ajabu, nikimwacha gengeni hakosei chenji hata shilingi. Baba yake anasema ni damu, upande wa kwetu hakuna mtu wa hesabu. Nimpeleke tuisheni, nimkazanie mwenyewe nyumbani, au nimwache na HGL yake?" Mama wa genge, Morogoro.

Marahaba, mama.

Nianze na baba yake, maana hilo ni rahisi. Damu haimfikishi mtoto nafasi ya tatu kati ya 84 kisha ikamkimbia ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kama ni damu, ingemwangusha mapema, kwenye jedwali la kuzidisha la darasa la tatu. Kuna kitu kimetokea kati ya darasa la saba na kidato cha pili, na hicho ndicho cha kutafuta.

Sentensi ya binti yako ndiyo iliyonishika. Hakusema "sielewi logarithimu" wala "mwalimu anakwenda mbio". Kasema yeye siyo mtu wa hesabu. Sisi tunaofundisha walimu tunaliita jambo hilo utambulisho wa mwanafunzi katika hisabati, yaani jibu analojipa mtoto, mara nyingi kimoyomoyo, anapojiuliza kama mambo haya ni ya watu kama yeye. Jibu hilo halikai kichwani bure, linafanya kazi. Mtoto aliyekwisha kujiona si wa hesabu akikutana na swali gumu, ugumu wenyewe unakuwa ushahidi. Anaweka kalamu chini mapema, hafanyi mazoezi, anapata 18, na ile 18 inarudi kuthibitisha alichokuwa anakiamini. Ukimkuta katikati ya mzunguko huo huwezi kujua kipi kilianza.

Jibu hilo linatoka wapi? Mwaka 2005 watafiti wawili, Anna Sfard na Anna Prusak, walipendekeza tuache kuutafuta utambulisho ndani ya kifua cha mtoto, tusikilize hadithi zinazosimuliwa: zile wengine wanazosimuliana kumhusu, zile anazoambiwa usoni, na zile anazojisimulia mwenyewe. Kiswahili kinalieleza jambo hili kwa maneno mafupi kuliko makala yao. Kwanza watu husema "huyu hawezi". Kisha huambiwa "wewe huwezi". Mwisho anasema mwenyewe "mimi siwezi". Nafsi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Sisi wazazi huja kushtuka kwenye nafsi ya kwanza, wakati safari ilianza mbali.

Tanzania tuna mfano ulioandikwa na mhusika mwenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ikawa inakwisha, Mpemba akayaingiza yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa yalikuwa bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya juu mjini Iringa akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, wanaruka lililo zito. Mpemba ameandika kwamba tangu siku ile kila alipokosea, hata kusoma vibaya jedwali la logi, mwalimu yule alisema "hiyo ni hisabati ya Mpemba", na darasa zima likaidaka. Akikosea chochote, wenzake wanamwimbia: hiyo ni ya Mpemba. Jina la mtoto likageuka kuwa neno la kosa. Hapo nafsi ya tatu na ya pili zilikuwa zinamsukuma kwa pamoja, na kijana wa kawaida angenyamaza.

Baadaye alikuja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akainuka na swali lile lile, wenzake wakaona amewatia aibu. Osborne hakumsifu akapita zake. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana hadi leo kuhusu maji hayo, na sitaingia huko. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya namna kijana yule alivyotendewa: mtu mmoja alilichukua swali lake kama swali, akalifanyia kazi. Hiyo ina uzito kuliko "unaweza mwanangu, jitahidi" mia moja.

Nami nina dhambi yangu. Nilipoanza kufundisha, nilikuwa nikirudisha karatasi za jaribio kwa kusoma alama kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nilidhani natia hamasa. Nikifika nusu ya rundo, waliobaki walikuwa wanatazama madawati yao. Wale vipanga wa mwanzo walijua wao ni vipanga, na wale wa chini ya rundo walijijua kuwa vilaza kabla sijawaita. Nilichukua miaka kugundua kwamba kipindi kile ndicho walichokikumbuka kuliko mada zote nilizofundisha.

Sasa binti yako. Sijakaa darasani kwake, lakini ukinielezea mtoto aliyetoka shule ya msingi kwa nafasi ya tatu akaingia bweni la waliochaguliwa, kuna mambo matatu ninayoyatazamia.

La kwanza ni kidimbwi na ziwa. Herbert Marsh, mtafiti aliyefanya kazi zake nyingi Australia, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watoto wawili wenye uwezo ule ule hujiona tofauti kutegemea wamekaa na nani. Aliyeko kati ya wenye uwezo mkubwa hujishusha. Matokeo hayo yamerudi katika nchi nyingi. Binti yako alikuwa samaki mkubwa wa kidimbwi. Ametupwa ziwani pamoja na wa tatu wa kila kidimbwi. Huenda hakupungua hata chembe, ila kipimo alichojipimia ndicho kilichobadilika, na hakuna aliyemwambia.

La pili ni lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tunalipuuza mno. Mtoto wako alijifunza hesabu miaka saba kwa Kiswahili. Aliijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Aliijua KDS, kigawe kidogo cha shirika, na KKS, kigawo kikubwa cha shirika. Alijua namba tasa, na jina lenyewe lilimsaidia, kwamba ni namba isiyozaa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Januari ya kidato cha kwanza MAGAZIJUTO ikawa BODMAS, KDS ikawa LCM, na namba tasa ikapewa jina lisilomwambia kitu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuacha wazi swali lililomtaka atafute "product" ya 6 na 7. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, sijaona bidhaa yoyote hapo." Sita mara saba alikuwa anaijua tangu ana miaka tisa. Ila kwenye karatasi alipata sifuri, na sifuri haielezi kama imetokana na lugha au na hesabu. Mtoto mwenyewe ataamua, na wengi huamua kwamba ni hesabu.

La tatu ni mbio. "Nani amemaliza? Mikono juu!" Mikono mitatu inapaa, somo linaendelea na mikono ile mitatu. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu wakiuliza swali husubiri chini ya sekunde moja tu, na wanaowaona dhaifu huwasubiri muda mfupi zaidi ya wanaowaona hodari. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu, majibu yakarefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Jo Boaler naye alifuatilia shule mbili za Uingereza kwa miaka mitatu, akachapisha mwaka 1997. Katika shule iliyofundisha kwa kitabu na kwa kasi, baadhi ya walioumia zaidi walikuwa wasichana wa mkondo wa juu kabisa. Walitaka kujua kwa nini kanuni inafanya kazi, darasa likawa linawataka wamalize zoezi. Wakahitimisha kwamba hesabu si mahali pao. Unaona? Waliokuwa wanadai kuelewa ndio waliojiona hawafai.

Juu ya hayo matatu kuna hadithi ya taifa zima. Mwaka 2022 katika mtihani wa kidato cha nne waliofaulu Hisabati walikuwa takriban 20 katika kila 100, na mwaka uliofuata kama 25, ilhali kufaulu kwenyewe ni kuanzia alama 30. Kwa hiyo katika darasa la watoto arobaini, anayesema "siwezi hesabu" yuko na kundi kubwa, hana upweke. Kutojua kusoma ni aibu mtu anaificha. Kutojua hesabu tunalitania harusini. Binti anayechagua kujiita si mtu wa hesabu amejiunga na wengi, na huko kuna starehe yake.

Tuje gengeni. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walichapisha utafiti kutoka Recife, Brazili, juu ya watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza sokoni na mitaani. Watafiti walijifanya wateja. Katika maswali ya biashara watoto walipata asilimia 98. Baadaye hesabu za aina hiyo hiyo zikaandikwa kwenye karatasi kama za shule, wakapata asilimia 37. Mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja 35. Hakuongeza sifuri kama mwalimu angemfundisha. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaendelea kwa mafungu mpaka 350. Alihesabu kwa tatutatu, pengine kwa sababu bei ya nazi tatu alikwisha kuizoea.

Binti yako ni mtoto huyo. Mteja akimwambia nipe tango sita za 850, sidhani kama anatafuta karatasi. Atasema: sita za mia tisa ni elfu tano mia nne, toa mia tatu, elfu tano na mia. Mama, hicho alichofanya kina jina. Amechukua 6(900 − 50) akafungua mabano: sita mara 900, toa sita mara 50. Ndiyo mada ileile ya aljebra inayomwangusha akiona 6(x − 50) ubaoni. Anaifanya kila Jumamosi na hajui kuwa anaifanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ya gengeni ni hesabu. Kwake hesabu ni ile ya daftari la mistari mekundu. Hata saa yetu ya Kiswahili, anapoona simu imeandika 19:00 akasema saa moja usiku, ni hesabu ambayo mgeni huchukua wiki kuizoea.

Basi nikwambie ningefanya nini, nikiwa mimi niko kwenye genge lako.

Likizo ijayo, usimkalishe na kitabu siku ya kwanza. Akimaliza kumhudumia mteja, muulize "umepataje?" Uliza kama mtu asiyejua kweli, siyo kama mtahini. Mwache aeleze. Akimaliza mpe kalamu, mwambie aandike njia yake nyuma ya daftari la madeni, kwa namba, vile vile alivyosema. Siku ya tatu au ya nne mwekee x badala ya bei: "Nyanya hatujui zitapanda kiasi gani wiki ijayo, ziite x." Usimwambie ni aljebra mpaka amalize. Najua wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Mimi nimeona msichana wa kidato cha tatu akitoa machozi alipogundua kwamba njia yake ya kupiga hesabu ya kitenge iko kwenye kitabu, ukurasa mzima.

Kuhusu kumkazania mwenyewe, inategemea wewe una nini na hesabu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili ulikuta kwamba wazazi wenye hofu ya hesabu, wakisaidia kazi za nyumbani mara kwa mara, watoto wao walijifunza kidogo zaidi na kuanza kuiogopa. Wasiosaidia mara kwa mara hawakuambukiza. Wa kwako ni mkubwa, lakini nadhani njia ni ile ile: mkono unaotetemeka unaonekana. Kaa karibu, uliza, sikiliza. Kusahihisha mwachie mwingine. Na ile kauli ya kumfariji, "hata mimi mwanangu hesabu zilinishinda", naomba uimeze. Unaisema kwa upendo, yeye anaisikia kama urithi. Tena si kweli. Mtu anayeendesha genge, anayejua leo anunue tenga ngapi ili keshokutwa zisioze, hazijamshinda.

Siku ya kutembelea wazazi mtafute mwalimu wake wa hesabu. Usiende na malalamiko, ana madaftari mia mbili ya kusahihisha. Mwombe jambo moja dogo: amchagulie binti swali moja siku mbili kabla, aliandae, kisha aje alieleze ubaoni kwa wenzake, njia na sababu yake. Mwalimu mwingi hukubali, kwa sababu hakimgharimu kitu. Mtoto anayeeleza ubaoni na kuulizwa "kwa nini umefanya hivyo" ana nafasi tofauti darasani na anayenakili. Wenzake nao wanapata hadithi nyingine ya kusimulia bwenini.

Hapa niweke breki. Kuna mabango mengi siku hizi ya "ubongo ni msuli, amini utaweza". Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2019, lenye wanafunzi zaidi ya elfu kumi wa mwaka wa kwanza wa sekondari, lilikuta somo fupi la namna hiyo linasaidia walio nyuma kwa kiasi kidogo tu. Kidogo si bure, ila usitegemee maneno peke yake. Binti yako ana mapengo ya kweli, na mtoto hajioni wa hesabu huku anakosa kila siku. Lazima apate, kwa haki, mambo ambayo jana hakuyaweza.

Ndiyo maana tuisheni sijaikataa. Ile ya banda lenye watoto sitini inayokimbilia mada za mbele, weka hela yako mfukoni. Itamwongezea ziwa lingine. Tafuta mtu mmoja, hata kijana aliyemaliza kidato cha sita anayesubiri chuo, akae naye saa moja mara tatu kwa wiki, arudi nyuma kabisa: sehemu, namba hasi, kufungua mabano. Hayo matatu tu. Nusu ya kidato cha pili imekalia hapo. Aongee naye Kiswahili, kisha kila neno jipya waliandike kwenye daftari la safu mbili, Kiingereza huku, Kiswahili kule, na mfano wake chini. Akikosa, kijana asifute. Amuulize alifikiri nini.

HGL si adhabu, na Historia, Jiografia na Lugha zimelea watu wengi wazuri. Ila Hisabati ataifanya hadi kidato cha nne apende asipende, kwa hiyo kuikimbia sasa hakumpunguzii hata kipindi kimoja. Mwambie uamuzi wa mchepuo upo, ataufanya, lakini aufanye akiwa amesimama, asiufanye akiwa anakimbia. Ukimwona bado anapenda Historia baada ya kupata 50 ya hesabu, mnunulie vitabu vya Historia.

Usihesabu alama kwa haraka. Muhula mmoja huenda 22 ikawa 31, na hapo wengine watakucheka. Wewe sikiliza anavyosema anapokwama. Leo anasema "siwezi". Siku akisema "nimekwama hapa, kwenye hii hasi", ujue kuna kilichohama, maana "hapa" ni mahali, na mahali mtu anaweza kutoka.

Baba yake naye mwache akae gengeni Jumamosi moja, saa ya wateja wengi, binti akiwa amelala. Kisha mlinganishe chenji.